Mnaoishi kwenye boti, jioni za winta mnazimalizaje?

Mgeni wa Tezi

Habari zenu wakuu, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Nilihamia kwenye boti mwezi wa 4, ni boti ya tanga futi 30, naishi peke yangu, na kiangazi chote nilijiona mtu mwenye bahati kuliko wote. Jioni nakaa sitahani mpaka saa nne usiku mwanga bado upo, nasoma, watu wanapita gatini tunapiga stori, nikichoka naingia kulala basi. Sasa hivi saa kumi na nusu jioni ni giza totoro. Asubuhi naondoka giza narudi giza, yaani boti yangu mwenyewe naiona kwa mwanga wa jua wikiendi tu, na wikiendi yenyewe mvua.

Nikifika nawasha hita, nakula, alafu najilaza simu ikiwa kifuani naangalia video moja baada ya nyingine mpaka macho yanauma. Saa mbili usiku nimeshasinzia. Saa tisa usiku niko macho kabisa, nasikiliza kamba zinavyogonga mlingoti ting ting ting mpaka kunakucha. Vioo vinatoka jasho, godoro upande wa ukutani limeanza kuwa na ubaridi wa majimaji, na juzi betri imekata saa moja usiku nikabaki na tochi tu, nikakaa pale gizani nikawaza hivi nimefanya nini na maisha yangu.

Sitaki kuiuza, nataka hilo lieleweke. Naipenda hii boti na sitaki mtu aniambie panga chumba. Nachotaka kujua ni nyie mliokaa winta nyingi, kuanzia giza linapoingia mpaka mnapolala mnafanya nini hasa? Kuna masaa kama sita pale mimi sijui pa kuyapeleka. Natanguliza shukrani.

Kamba Tatu

Karibu sana mgeni, na pole. Hii ni winta yangu ya 7 na ya kwanza ilikuwa hivyohivyo ulivyoielezea, mpaka hilo la saa tisa usiku. Nianze na lile dogo kwanza, hizo kamba zinazogonga mlingoti ni za kupandishia tanga, kesho kabla ya giza chukua kipande cha kamba nyembamba uzivute kwa pembeni uzifunge kwenye nyaya za mlingoti zisiguse. Dakika tano tu, na majirani zako wote watakushukuru kimyakimya maana na wao wanazisikia.

Sasa jioni yenyewe. Nilivyokusoma jioni yako ni kipande kimoja kirefu, kuanzia unafungua mlango mpaka unasinzia hakuna kinachotenganisha saa na saa nyingine. Kwenye nyumba watu wanahama, wanatoka sebuleni wanaenda jikoni wanaenda chumbani, mwili unajua muda unasogea. Wewe umekaa mita tatu mraba muda wote, tena umelala. Kwahiyo kitu cha kwanza nilichojifunza ni kuacha kukaa sehemu moja. Nikirudi nafanya mzunguko wa boti na tochi ya kichwani: kamba za gatini, fenda (yale maboya ya pembeni yanayozuia boti isigonge gati), naangalia maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya boti, nasikiliza pampu. Robo saa. Alafu napika na napika taratibu kwa makusudi, kitu cha kuchemka muda mrefu. Baada ya kula naosha vyombo hapohapo, nafuta meza, nabadilisha taa, nazima ya juu nawasha ndogo ya mezani, na nahamia upande wa pili wa meza. Utaona kama kitu cha kitoto lakini upande ule wa pili mimi ni mtu mwingine, ndio upande wa kazi za mikono. Kitandani siingii kabla ya saa tatu na nusu hata kama macho mazito, hiyo ndio ilinitibu kuamka usiku wa manane.

Kazi za mikono ndio moyo wa jambo lenyewe kwa upande wangu. Kila winta nachukua kitu kimoja tu. Ya kwanza ilikuwa kamba. Tafuta kipande cha kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, hata ya zamani, mita mbili zinatosha, ujifunze kutengeneza kitanzi cha kudumu bila fundo. Unafumua nyuzi za mwisho kama sentimita thelathini, unafunga kila ncha isifumuke, unakunja kitanzi, alafu unapitisha kila uzi chini ya uzi mmoja wa kamba yenyewe ukienda kinyume na msokoto, juu ya mmoja chini ya mmoja, zote tatu zimetokea nafasi tofauti. Hapo umemaliza mzunguko mmoja. Kamba ya katani mizunguko mitatu inashika, ila za plastiki na nailoni zinateleza, piga mitano kwenda mbele. Mara ya kwanza utapitisha nyuzi mbili sehemu moja, kila mtu anafanya hivyo, fumua uanze tena. Na sio urembo hii, fundo linadhoofisha kamba sana, mengine yanakula karibu nusu ya nguvu yake, kitanzi cha kusuka kinapoteza kidogo tu. Kiangazi kikifika kila kamba ya kufungia boti yako inakuwa na kitanzi ulichosuka wewe usiku wa mwezi wa 1.

Winta ya pili nilishona mfuniko wa tanga kwa mkono, sindano nene na kile kikinga cha ngozi cha kiganjani. Ya tatu nilijifunza Morse, ile ya kuandika herufi kwa nukta na vistari. Ya nne nilipiga msasa na vanishi kila kipande cha mbao kinachofunguka, kimoja kimoja mezani, japo harufu ya vanishi ndani na madirisha yamefungwa sikushauri, hiyo iliniumiza kichwa, vanishi iache mpaka siku ya kufungua.

Simu usiiache kabisa, ila iwe na saa yake.

Fundi Ngama

Mkuu hapo juu kasema vizuri ila mimi ninaona kitu kinanitia wasiwasi kwenye maelezo yako kabla hata hatujafika kwenye burudani. Vioo vinatoka jasho, godoro limelowa, hita. Hita gani? Kama ni ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje naomba uizime leo. Gesi ikiungua inatoa maji, kila kilo moja ya gesi inakupa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke ndani ya kebini, ndio hayo unayaona kwenye vioo. Lakini maji ndio madogo. Kaboni monoksaidi haina harufu haina rangi, inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, mtu anadhani ni mafua analala na haamki. Umesema saa mbili umeshasinzia, yawezekana ni giza tu, lakini mimi siwezi kupita hapo bila kuuliza. Nunua alamu ya kaboni monoksaidi, angalia imeandikwa EN 50291-2, hiyo ni ya boti na magari ya kulala, namba 1 mwishoni ni ya nyumba. Ibonyeze kila wiki uisikie. Na usije ukaingiza jiko la mkaa ndani eti moto umeshazima lipashe joto tu, mkaa unaoonekana umekufa bado unatoa hiyo hewa. Watu wamekufa hivyo, familia nzima.

Haya, betri. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni ampea mara masaa) uwe unaihesabu kama 50, ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, na kwenye baridi kali hata hiyo 50 inapungua. Laptopu ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampea 5, ukiongeza na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, inayokula yake ni karibu 6. Masaa manne ya filamu ni ampea-saa 24. Taa zako ni zipi? Kama bado ni zile za kizamani za halojeni wati 10 kila moja, nne zikiwaka jioni nzima ni ampea-saa zaidi ya 3 kila saa, ukibadilisha zikawa LED za wati 2 unashuka mpaka chini ya ampea moja kwa taa zote nne. Hicho ndio kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye boti, na chukua zenye mwanga wa njano, zilizoandikwa 2700K, zile nyeupe za bluu zinakufanya ujisikie upo wodini. Hita ya dizeli yenyewe inavuta ampea 8 hadi 10 dakika za kuwaka tu, ikishashika inatulia kwenye moja au mbili. Kwahiyo usiwe unaiwasha na kuizima kila nusu saa, iwashe mara moja iache ijiendeshe chini.

Kama una betri za lithiamu usizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Na sola usiitegemee mpaka mwezi wa 3 huko, jua lenyewe liko chini na masaa machache.

Unyevu: fungua tundu mbili za hewa, moja mbele moja nyuma, kidogo tu, hata kukiwa na baridi. Najua inauma kuingiza baridi uliyolipia kuitoa, lakini hewa baridi ya nje ukiipasha inakuwa kavu, ya ndani imejaa pumzi yako. Sufuria iwe na mfuniko. Nguo usikaushie ndani. Godoro liinue, weka mbao za wavu au ule mkeka mgumu wa plastiki unaoruhusu hewa kupita chini. Kuna jioni moja kila wiki mimi hiyo ndio kazi yangu, nafungua makabati yote nafuta kuta za nyuma zisizoonekana, na nakwambia ukweli ni jioni naipenda, redio inaongea mimi naijua boti yangu kwa mkono.

Mama Omo

Nimesoma nikatabasamu maana wote mnaongelea kukaa peke yenu. Sisi tuko wanne, mimi na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 6, futi 38. Upweke sisi hatuujui, tunachotafuta ni mahali ambapo mtu hajakukanyaga mguu. Wahenga walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, hao wangu wanaenda tezi na omo mara mia mbili kwa jioni moja na marejeo ni mapajani kwangu.

Kilichotuokoa ni saa ya kimya. Saa kumi na mbili mpaka saa moja hakuna anayeongea na mwenzake, kila mtu ana kona yake na spika za masikioni au kitabu, hata baba yao. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Sasa mdogo ndiye anayetukumbusha. Ukishakaa na mtu kwenye chumba kimoja miezi mitano unaelewa kwamba kumuacha mwenzako ni namna ya kumpenda.

Baada ya hapo ndio kelele. Karata, drafti, vitendawili. Baba yao anasoma hadithi kwa sauti kila usiku, sura moja na sio zaidi, hata wakilia, na nimegundua mimi mwenyewe siku nzima nasubiri hiyo sura. Mkubwa anaandika daftari la boti kila jioni kama manahodha: saa, joto la ndani, joto la nje, barometa inasema nini, upepo unatoka wapi. Alianza kwa kulazimishwa. Mwezi uliopita barometa ilishuka sana tangu mchana, yeye ndiye aliyesema baba tuongeze kamba za gatini, na usiku upepo ulikuja kweli.

Mgeni, hata wewe uliye peke yako jaribu hilo daftari. Na jaribu kujisomea kwa sauti. Kebini yenye sauti ya mtu inakaa tofauti.

Sitaha ya Juu

Nyongeza yangu ni ya kihistoria, samahanini kwa wasiopenda, ila mimi hizi habari ndizo zilinipa moyo winta yangu ya kwanza.

Mwaka 1819 nahodha William Edward Parry wa jeshi la majini la Uingereza alikwama makusudi kwenye barafu ya kaskazini mwa Kanada, kisiwa cha Melville, na meli mbili, Hecla na Griper. Jua lilipotea tarehe 11 mwezi wa 11 na hawakuliona tena mpaka tarehe 3 mwezi wa 2, siku 84. Yeye tangu mapema alishajua adui mkubwa atakuwa ni kukaa bure. Kwahiyo wakaweka tamthilia kila baada ya wiki mbili, maofisa wanavaa mpaka magauni kuigiza, kwenye baridi ambayo ukumbini penyewe pako chini ya sifuri. Wakaanzisha gazeti la kila wiki la mle melini, watu wanatumbukiza makala zao kwenye sanduku bila kuandika jina. Na mabaharia ambao hali ya hewa haikuwaruhusu kutoka walikimbia kuzunguka sitaha kwa muziki wa kinanda cha kuzungusha. Safari yake iliyofuata, 1821 mpaka 1823, wakafungua na darasa la jioni la kusoma na kuandika kwa mabaharia wasiojua.

Linganisheni na meli ya Ubelgiji, Belgica, iliyonaswa kwenye barafu ya kusini mwaka 1898. Hao hawakujiandaa kukaa winta. Jua lilipozama mwezi wa 5 watu walianza kuvunjika, moyo kwenda mbio, wengine akili kuyumba, mmoja akafariki. Daktari wao Frederick Cook alifanya mambo mawili ambayo mpaka leo mimi nayafikiria, aliwalazimisha kula nyama freshi ya pengwini na sili, na aliwakalisha mbele ya moto wa jiko wavue nguo waote ule mwanga na joto kila siku. Roald Amundsen, yule Mnorwe aliyekuja kuwa mpelelezi maarufu wa ncha za dunia, alikuwepo humo, kijana tu wakati huo.

Na Nansen, mpelelezi wa Norwei, kwenye meli yake Fram iliyoganda kwenye barafu ya kaskazini, 1893 mpaka 1896, alifunga kinu cha upepo juu ya sitaha kikawapa umeme wa taa katikati ya ule usiku wa miezi. Fundi Ngama angefurahi.

Hao walikuwa hawana pa kwenda, sisi tuna gati hatua tatu kutoka mlangoni. Lakini mwanga, moto, mwili kutembea, na kitu ambacho wenzako wanakisubiri Ijumaa, hivyo vinne naviona kwenye kila safari iliyotoka salama.

Makasia

Mimi nitatofautiana na nyie kidogo na naomba msinichukulie vibaya. Kuna jioni dawa yake ni kutoka kwenye boti. Sijasema ahame, nasema atoke, arudi saa tatu amechoka.

Winta yangu ya 2 nilikuwa na kila kitu mlichotaja, jiko zuri, taa nzuri, vitabu, kazi za mikono, na mwezi wa 1 nilikuwa nalia nikiosha kikombe. Bila sababu. Nilikuwa nalala masaa kumi na moja naamka nimechoka, natamani vyakula vya wanga muda wote, watu nawakwepa. Daktari akaniuliza unaona jua saa ngapi? Nikakosa jibu. Hali hiyo ina jina, madaktari wameieleza tangu 1984, ni sonona inayofuata majira. Nilipewa taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), nusu saa kila asubuhi mara tu ukiamka, sio jioni, jioni inakuharibia usingizi. Kwangu ilichukua kama siku kumi nikaanza kuona tofauti. Inakula umeme kiasi kwahiyo panga na gati. Na mchana hata kama kuna mawingu toka nje dakika ishirini saa sita, mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unauzidi wa ndani mara nyingi sana. Mgeni, ukiona mambo haya yanafanana na yako nenda kwa daktari mapema usisubiri machipuko.

Cha pili nilijiunga na darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi. Nilichagua kitu kisichohusu boti kabisa. Kurudi ndio kulinibadilisha, ukitembea gatini usiku unaona kadirisha kako kamoja kanawaka njano juu ya maji, unafungua mlango joto linakupokea. Ukishinda ndani siku nzima hilo hulioni.

Ila kurudi usiku gatini peke yako kuna hatari yake na hapa nasema kwa uzito. Mbao za gati zikipata barafu zinateleza kuliko sabuni. Ukiangukia maji ya baridi dakika ya kwanza hadi ya tatu pumzi inakukimbia, unavuta hewa bila kutaka, ndipo watu wengi wanapozama hata waogeleaji wazuri. Usipigane, elea kwanza uso juu mpaka pumzi irudi. Na vidole vina kama dakika kumi tu za kufanya kazi, kwahiyo ngazi iwe inashushika na mtu aliyeko majini. Ya kwangu ilikuwa inafungwa juu, niliigundua siku moja kiangazi nikiogelea, nikaganda kwa kufikiria tu. Laifujaketi iwe juu ya koti kuanzia geti la gati mpaka mlangoni, winta yote.

Mgeni wa Tezi

Aisee. Sikutegemea. Nimesoma yote mara mbili.

Fundi Ngama hita ni ya dizeli, moshi unatoka nje, ila alamu sikuwa nayo, nimeagiza jana yenye hiyo namba 2. Taa nimehesabu, ni sita za halojeni! Ndio maana. Makasia ngazi yangu nimeenda kuiangalia muda huohuo nimesoma, haishuki kutoka chini. Nimefunga kamba ndefu yenye kitanzi inayofika majini, ukiivuta ngazi inaanguka. Nimeijaribu kutoka kwenye kamtumbwi ka jirani.

Swali moja, Fundi umesema redio. Ni redio ya kawaida? Intaneti ya hapa gatini jioni inakufa kwasababu wote tunaingia kwa pamoja.

Fundi Ngama

Redio ndogo ya betri yenye AM na masafa mafupi, na jioni ndio wakati wake hasa. Mchana kuna tabaka la chini la anga ambalo linameza mawimbi ya AM, jua likizama hilo tabaka linatoweka, mawimbi yanadunda kwenye tabaka la juu na kurudi chini mbali sana. Stesheni usiyoisikia kabisa saa nane mchana unaipata saa mbili usiku kutoka maelfu ya kilomita, inakuja inafifia inarudi. Vuta waya mita kadhaa kwenda juu kama antena, na zima inveta na chaja, zina kelele mbaya. Kuwa na daftari, andika saa, masafa, lugha gani. Mimi nina kurasa za miaka minne.

Sitaha ya Juu

Na usiku ambao hakuna mawingu toka nje dakika kumi hata kama kuna baridi. Nyota za jioni za winta ndizo nzuri kuliko za mwaka mzima kwa sisi wa kaskazini, na giza lenyewe linakuja mapema huhitaji kukesha. Tafuta kundi la Jabari (Orion), zile nyota tatu zilizojipanga za mkanda wake, ufuate mstari wake kushuka kushoto unafika kwa Shira (Sirius), inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Fuata mstari huohuo kupanda kulia unakutana na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizojikusanya ambacho wazee wetu walikitumia kujua mvua. Nyota ya kaskazini, Kutubu, pima kimo chake kutoka upeo wa macho, nyuzi utakazopata ni karibu sawa na latitudo uliyopo. Nilijifunza sekstanti, kile kifaa cha mabaharia cha kupimia kimo cha nyota, hivyo, usiku mmoja mmoja, hesabu nafanyia ndani nimeshika kikombe cha moto.

Mgeni wa Tezi

Nimerudi wakuu, ni wiki tatu tangu nifungue huu uzi, niliahidi moyoni nitaleta mrejesho.

Taa zote sita nimebadilisha, betri haijakata tena. Godoro limekauka. Saa tisa usiku bado naamka siku moja moja lakini ting ting haipo kwahiyo narudi kulala. Daftari naandika. Jumatano naenda darasani, na Makasia hilo la kadirisha ka njano ni kweli kabisa, nilisimama gatini kwanza nikalitazama.

Kamba. Cha kwanza kilikuwa kama kiota cha ndege, cha pili nilikosea msokoto nikafumua chote. Cha tatu nilikivuta kwa winchi kikashika. Juzi nilikuwa nasuka cha tano jirani wa boti ya pili akapiga hodi kuazima koleo, akakiona mezani, akakaa mpaka saa nne. Anataka nimtengenezee vinne ila kamba zake ni zile zenye ganda la nje na kiini ndani. Hizo nazo zinasukwa vilevile?

Kamba Tatu

Hapana, hizo ni njia nyingine kabisa, usizikate kwanza. Unatoa kiini nje ya ganda, ganda linaingizwa ndani ya kiini na kiini kinarudishwa ndani ya ganda, na unahitaji sindano ile ndefu yenye uwazi inayolingana na unene wa kamba. Vipimo lazima viwe sawasawa, ukikosea sentimita chache haiingii. Muulize jirani kamba ni milimita ngapi alafu niandikie, kesho jioni nitakupigia picha hatua kwa hatua, ninayo moja hapa mezani nilikuwa nataka kuifanya hata hivyo.